Priampu ya vali ya kuendesha ampu ya nyumbani: maswali ninayoulizwa hapa Lamu

Tangu niweke priampu (kifaa kinachotangulia ampu) yenye vali mbili juu ya kabati la sebuleni, mtaa wa Langoni, kila anayeingia kunywa kahawa hutoka na swali. Wengine huuliza kama ni taa ya mapambo. Wengine wanataka kujenga yao, na hao ndio niliowaandikia. Maswali nimeyaweka jinsi yanavyokuja barazani, kwa hiyo usitarajie mpango wa kitabu cha shule. Ukiwa na nafasi ya kusoma jibu moja tu, soma lile la stima inayoua.

Vali ni kitu gani, na kwa nini mtu ahangaike nayo leo?

Ni kichupa cha kioo kilichonyonywa hewa. Ndani mna kathodi, ambayo hita huipasha moto mpaka inaachia elektroni; mna anodi yenye volti nyingi inayozivuta; na katikati mna gridi, wavu mwembamba unaozizuia au kuzipisha. Ukiitikisa gridi kwa volti kidogo, mkondo wa anodi nao hutikisika kwa kipimo kikubwa. John Ambrose Fleming alitengeneza ya kwanza Uingereza mwaka 1904, bila gridi. Lee de Forest wa Marekani akaongeza gridi mwaka 1906. Transista ilipozaliwa mwaka 1947, vali zikaanza kuaga moja moja, lakini kwenye ampu za magitaa na kwenye sebule za wapenda muziki hazikuondoka.

Kwa nini leo? Sikudanganyi: saketi ya transista ya bei ndogo ikipimwa kwa vyombo huishinda vali kwa usafi. Vali huongeza kidogo sauti ya oktavu ya juu ya ile iliyoingia, na sikio la wengi hulipokea hilo kama unene wa sauti. Kwenye udi na sauti ya mwimbaji mimi nalipenda. Kuna na sababu ya pili, nayo kwangu ndiyo kubwa: saketi ya vali ina vipande vichache, vyote vikubwa, na mtu wa kawaida anaweza kuielewa yote mwanzo hadi mwisho.

Simu yangu naichomeka moja kwa moja kwenye ampu na inalia. Priampu ya nini?

Huenda huihitaji. Ampu nyingi za nyumbani hufika nguvu yake yote kwa volti 1 hadi 2 tu, na kicheza CD hutoa volti 2. Kwa hiyo kazi ya kukuza sauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kazi ya priampu ni kuchagua chanzo, kupunguza na kuongeza volumu, na kuisukuma ampu bila kuchoka. Neno ni hilo la kusukuma. Kati ya watu wanaoniletea mashine zao niziangalie, wengi wamehangaikia vali, wakasahau kama sauti inayotoka ina kifua cha kuendesha ampu iliyo mbele yake.

Nianze na vali gani?

ECC82, ambayo Wamarekani huiita 12AU7. Ni ile ile, majina mawili. Ndani yake mna vali mbili katika kioo kimoja, kila moja ikikuza mara 17 hivi kwenye karatasi. Ni imara, haichagui sana, na bado inatengenezwa. Stereo inahitaji mbili: moja upande wa kushoto, moja wa kulia.

Usikimbilie ECC83, yaani 12AX7, kwa sababu tu uliiona kwenye ampu za gitaa. Inaingia kwenye soketi ile ile na pini ni zile zile, lakini inakuza mara 100 na ukinzani wake wa ndani, yaani uzuiaji wa mkondo unaopimwa kwa omu, ni mkubwa mno. Kwa priampu ya kawaida ni kama kutumia jahazi kuvuka kwenda kisiwa cha Manda hapo ng'ambo.

Mchoro wako ukoje? Nieleze kwa maneno.

Tumia soketi ya kauri ya pini 9. Ukiitazama kwa chini, pini huhesabiwa kufuata mshale wa saa, kuanzia kwenye pengo. Haya ni ya upande mmoja; upande wa pili ni vilevile.

Sauti inaingia kwenye kidhibiti volumu cha kiloomu 100, kile cha aina ya logi, si cha mstari. Mguu wa kati unakwenda kwenye pini 7, ambayo ni gridi, kupitia rezista ya kiloomu 1 iliyolehemiwa karibu kabisa na soketi. Weka pia rezista ya megaomu 1 kutoka gridi hadi ardhi (waya wa pamoja wa saketi), kwa sababu vidhibiti vya bei nafuu hupoteza mguso siku moja moja, na gridi isiyo na pa kushika hufanya kelele ya kutisha. Pini 8, kathodi, inakwenda ardhini kupitia kiloomu 1.5. Pini 6, anodi, inapata volti 250 kupitia kiloomu 47 ya wati 2.

Hiyo ni nusu ya kwanza. Ukipima, anodi iwe kati ya volti 110 na 130, na kathodi kama volti 4. Mkondo hapo ni kama miliampia 2.8. Ukikuta anodi ina volti 250 kamili, vali haipitishi kitu: hita haiwaki, au umelehemu pini isiyo yake. Mimi nimefanya yote mawili, tena usiku mmoja.

Nusu ya pili ndiyo inayosukuma. Unganisha pini 6 moja kwa moja na pini 2. Pini 1 ipewe volti 250 bila rezista. Pini 3, kathodi ya pili, iende ardhini kupitia kiloomu 33 ya wati 2, na hapo hapo kwenye pini 3 ndipo sauti inapotokea, kupitia kapasita ya mikrofaradi 2.2, ambayo hupitisha sauti na kuzuia volti zisizotikisika. Baada ya kapasita weka kiloomu 470 hadi ardhini ili isikae na chaji ya kukurukia ukichomeka waya.

Mkuzo wote ni kama mara 9 na nusu. Ni mwingi kwa kicheza CD, na volumu itapaa mapema mno ukigusa kidogo tu. Dawa ni kuweka rezista ya kiloomu 200 kabla ya kidhibiti volumu. Theluthi moja tu ya sauti itaingia, na utapata nafasi ya kuzungusha kidole. Usiongeze kapasita ya kathodi kwenye kiloomu 1.5. Michoro mingi inayo, lakini hapa ingepandisha mkuzo hadi mara 14 na wala hatuna shida na mkuzo.

Kwa nini nisiitoe sauti kwenye anodi ya kwanza, nikaokoa nusu ya pili?

Hivyo ndivyo nilivyofanya mara ya kwanza, na ndivyo nilivyojua umuhimu wa swali hili.

Anodi ya mchoro huu, ikitazamwa kutoka nje, ina ukinzani wa kama kiloomu 20. Ampu yangu ya wakati ule niliinunua Mombasa ikiwa imetumika, ya kumbi za sherehe, na mlango wake wa sauti ulikuwa na ukinzani wa kiloomu 10. Hesabu ni ya darasa la nane: kiloomu 10 zinagawana na kiloomu 20, na theluthi moja tu ya sauti inafika. Juu ya hapo nilitumia kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.022 kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo. Kapasita hiyo pamoja na kiloomu 30 za njia nzima, 20 za anodi na 10 za ampu, huanza kukata sauti zote zilizo chini ya hezi 240 hivi (hezi ni mitikisiko kwa sekunde). Niliweka taarabu. Udi ukasikika, zumari ikasikika, besi ikawa imekwenda zake. Mjomba alikaa kimya mpaka wimbo ukaisha, akasema, "Mwanangu, hii redio yako yaimba kwa pua."

Nusu ya pili, ile inayotoa sauti kwenye kathodi, haikuzi hata kidogo. Kazi yake ni kushusha ukinzani, na inaushusha hadi chini ya kiloomu 1. Kanuni ninayofuata ni kwamba mlango wa ampu uwe angalau mara 10 ya ukinzani wa kitu kinachousukuma. Angalia nyuma ya ampu yako au kwenye kijitabu chake. Kiloomu 47 ni rahisi. Kiloomu 10 inataka uangalifu. Kwa kapasita ya mikrofaradi 2.2, hata kiloomu 10 unapata besi hadi hezi 7, chini kuliko spika yoyote niliyowahi kuiona Lamu. Na ukitaka kuweka ampu upande wa pili wa chumba, ukinzani mdogo unakupa ruhusa: waya mrefu ukisukumwa na anodi hula sauti nyembamba za juu.

Hiyo kapasita ya kutoa sauti, ninaweza kuchukua kwenye redio ya zamani?

Hapana, kabisa. Pini 3 ina volti zaidi ya 120. Kinachozizuia zisiingie kwenye ampu yako, na kisha kwenye spika, ni hiyo kapasita peke yake. Kapasita za karatasi za zamani huvuja, na kwa unyevu wa pwani zimekuwa zikivuja kabla hujazaliwa. Nunua mpya ya polipropilini, ya volti 400 au 630. Ni kubwa kama kidole gumba, usishangae.

Kabla ya kuunganisha ampu kwa mara ya kwanza, washa priampu peke yake, subiri dakika mbili, kisha pima kwenye tundu la kutoa sauti kwa mita iliyo upande wa DC, yaani stima isiyogeuka mwelekeo. Isome karibu sifuri. Ikiwa inasoma volti kadhaa na haishuki, usiunganishe kitu.

Ni kweli stima ya humu ndani inaua?

Kweli. Volti 250 za DC hazikuachilii kirahisi kama zikikushika, na kapasita huziweka hata baada ya kuchomoa plagi. Nikipiga hesabu ya mashine yangu, dakika moja na nusu baada ya kuzima bado mna kama volti 50, na dakika tatu kama volti 10. Hapo rezista za kumwagia chaji ziko na ni nzima. Zikikatika, chaji hukaa ikikungoja. Kwa hiyo chomoa, subiri, kisha pima kwa mita kabla ya kidole kuingia. Kila mara. Hata ukiwa umechomoa sasa hivi kwenda kuswali na kurudi.

Ukipima ikiwa inawaka, funga waya mweusi wa mita kwenye ardhi ya saketi kwa kibanio, na utumie mkono mmoja tu, mwingine uweke mfukoni. Vaa kandambili za mpira. Sakafu zetu za saruji na chokaa hunyonya maji, na mtu aliyesimama peku wakati wa masika ni njia nzuri ya stima. Watoto na paka wawe nje.

Boksi la chuma lifungwe kwenye waya wa ardhi wa plagi ya miguu mitatu. Nyumba nyingi za zamani zina soketi za miguu mitatu ambazo mguu wa ardhi haujaungwa na kitu. Mwite fundi wa stima aupime kabla hujaanza. Fyuzi ya plagi iwe ya ampia 3, si ile ya 13 inayokuja nayo, na ndani ya boksi weka nyingine ya miliampia 315 ya aina ya kuchelewa.

Nitapata wapi volti 250? Si nichukue tu zile 240 za ukutani?

Usithubutu. Bila transfoma saketi yako yote inakuwa imeungwa na waya wa stima ya nje, na kila tundu la sauti linakuwa mtego. Transfoma si ya kubadilisha volti tu, ni ukuta kati yako na nguzo.

Transfoma maalumu za vali ni ghali kuagiza. Mimi natumia mbili za kawaida, zimepeana mgongo. Ya kwanza inashusha 240 hadi 12, ya ampia 2. Ya pili, ya ampia 1, imegeuzwa: upande wake wa volti 12 unalishwa na ya kwanza, na upande wa 240 unatoa kama volti 210, kwa kuwa kila transfoma inakula kidogo. Daraja la diodi nne za 1N4007, linalogeuza AC ya transfoma kuwa DC, na kapasita ya mikrofaradi 47 zinakupa kama volti 290 za DC. Halafu rezista ya kiloomu 1.5, kapasita nyingine ya 47, rezista nyingine ya kiloomu 1.5, na mwisho kapasita ya mikrofaradi 100. Unabaki na volti 250. Kapasita zote ziwe za volti 450, maana kabla vali hazijapata moto hakuna anayevuta mkondo na volti hupanda.

Usione rezista hizo mbili ni nyingi. Kwenye kapasita ya kwanza stima bado inatikisika kwa kama volti 3. Inapofika ya mwisho imebaki chini ya milivolti 1. Priampu bora ni usambazaji safi wa stima uliobandikwa vali mbili juu yake. Ukiwa na pesa za ziada, zitie hapa, si kwenye vali za kihistoria.

Na hita?

Kila ECC82 inataka volti 12.6 na miliampia 150 kwenye pini 4 na 5. Pini 9 iache. Chukua volti 12 za transfoma ya kwanza, zipitishe kwenye daraja la diodi na kapasita kubwa, kisha kwenye 7812, kipande kinachoshikilia volti 12 zisiyumbe. Volti 12 badala ya 12.6 hazina neno.

Kuna mtego mmoja. Kathodi ya nusu ya pili iko juu ya volti 120, na hita iliyo sehemu ya milimita tu ndani yake haipendi tofauti kubwa hivyo. Nyanyua hita: kutoka volti 250 weka kiloomu 220, kisha kiloomu 68 hadi ardhini, zote za wati 1, na pale zinapokutana unganisha upande hasi wa stima ya hita. Hita nzima itaelea kwenye kama volti 60. Rezista hizo ndizo pia zinazomwaga chaji ukizima. Lakini sasa kumbuka kwamba kibati cha mgongo wa 7812 kimeungwa na upande hasi, kwa hiyo nacho kina volti 60. Kikigusa boksi la chuma, mpango wote unaanguka. Weka karatasi ya maika na kibushi cha plastiki kwenye skrubu.

Imewaka, lakini inavuma.

Swali hili peke yake lingejaza daftari. Kwanza sikiliza ni mvumo gani. Ule mzito wa chini ni hezi 50: umetoka kwenye transfoma iliyo karibu mno na vali, au kwenye mzunguko wa ardhi. Ule mkali wenye miba ni hezi 100: unatoka kwenye stima isiyochujwa vizuri. Pili, geuza volumu. Ikiwa mvumo unapanda na volumu, unaingia kabla ya kidhibiti. Ikiwa haubadiliki, uko baada yake.

Nyaya za ardhi ndizo mkosaji mkuu. Usiziunge popote zinapofika. Wahenga wa bahari walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ardhi ya priampu iwe hivyo hivyo: kila waya urudi mahali pamoja, kwenye kapasita ya mwisho, na kutoka hapo waya mmoja tu uende kwenye boksi. Matundu ya kuingiza sauti yasiguse bati. Tumia yenye vibushi.

Nilikaa wiki mbili na mvumo mmoja. Nilibadilisha vali, nikabadilisha kapasita, nikalaumu stima ya mji. Mwisho nikaigeuza transfoma nusu duara kwa mkono ikiwa imelegea skrubu, na mvumo ukafa katikati ya mzunguko. Siku hizi naweka transfoma kwenye boksi la peke yake na kuleta stima kwa waya wa nusu mita.

Ukigonga vali kwa penseli na spika ikalia kama kengele, vali hiyo inasikia mtikisiko. Mlio mdogo ni wa kawaida. Ukilia na kuendelea, badilisha vali.

Chumvi na unyevu wa pwani vinaiathiri vipi?

Vali yenyewe haijali, imefungwa kioo. Kinachooza ni vinavyoizunguka. Shaba isiyopakwa risasi hugeuka kijani. Vidhibiti vya volumu huanza kukwaruza. Pini za vali hupata utando, na sauti ya upande mmoja inakatika ukifunga mlango kwa nguvu. Kila kusi ikiisha mimi huchomoa vali zikiwa baridi, nasafisha pini kwa spiriti, naziingiza na kuzitoa mara tatu nne ili soketi ijisugue yenyewe, basi.

Lehemu vizuri na usiache nyuzi za waya wazi. Nunua waya uliopakwa bati kutoka kiwandani kama unaupata. Dirisha la upande wa bahari si mahali pa mashine.

Joto la vali linakausha boksi, hilo ni jema, ila linaalika wageni. Mjusi kafiri anapenda kulala mahali pa moto, na mmoja alichagua kulala kati ya volti 250 na ardhi. Fyuzi ilikatika, harufu ilibaki siku tatu. Matundu ya hewa yazibwe kwa wavu wa mbu wa chuma.

Boksi nilifanye kwa mbao? Mafundi wa kuchonga tunao.

Tunao, na priampu yenye uso wa mbambakofi uliochongwa kama mlango wa Lamu ni kitu cha kuonea fahari. Lakini mbao haizuii mawimbi ya stima. Ndani yake iwe sanduku la bati au alumini, limeungwa na ardhi, mbao iwe kanzu tu. Na usimpe mchongaji vipimo kabla hujamaliza na kuisikiliza, utabadilisha.

Inaweza kucheza santuri za babu?

Peke yake, hapana. Sindano ya kawaida ya sumaku hutoa milivolti 5 hivi, na sauti iliyokatwa kwenye santuri imepunguzwa besi na kuongezwa sauti za juu makusudi, kwa kanuni ya RIAA, chama cha kampuni za kurekodi za Marekani, iliyokubaliwa mwaka 1954. Unahitaji hatua nyingine mbele ya priampu, inayokuza kama mara 100 na kurudisha mizani. Hapo ndipo ECC83 inapostahili.

Santuri za kasi ya 78 ni kesi ya peke yake. Zilirekodiwa kabla ya kanuni hiyo, kila kampuni na mizani yake, na mfereji wake ni mpana: zinataka sindano ya kama mikroni 75 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati zile za baadaye zinataka kama 25. Siti binti Saad alikwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Ukiwa na santuri ya enzi ile ndani ya nyumba, tafadhali usiijaribu kwa sindano isiyo yake.

Redio ya vali ya zamani tunayo. Si nizitumie hizo?

Fungua uone namba. Redio nyingi za Ulaya zina ECH81, EF89, EABC80, EL84 na EZ80, na hakuna hata moja inayofaa kwa mchoro huu. Zenye FM huwa na ECC85 moja, lakini ni moja, na imechoka. Mimi ningeitengeneza redio ibaki redio.

Basi vipande napata wapi?

Rezista, diodi, transfoma na matundu: Mombasa, au Luthuli Avenue Nairobi, kisha basi hadi Mokowe na boti. Vali na soketi agiza mtandaoni. Viwanda vya leo viko hasa Slovakia, Urusi na China, na ECC82 mpya ya kawaida inatosha. Ongeza ya tatu ya akiba.

Zile bodi ndogo za mtandaoni zenye vali mbili za 6J1 na adapta ya volti 12 za AC ni za bei nafuu na hazina volti za kuua. Kama hujawahi kushika chuma cha kulehemu, anza nazo. Usitarajie zisukume ampu ya kiloomu 10.

Stima ikikatika na kurudi?

Kila kitu huwaka pamoja, na vali zikipata moto kapasita hutuma kishindo kwenye spika. Kanuni ya kawaida ni washa priampu kwanza, subiri dakika moja, ndipo ampu. Ukizima, anza na ampu. Stima ikikatika, zima ampu kwa swichi yake hapo hapo gizani. Mwenye subira aweke relei yenye kipima muda, inayofunga njia ya sauti sekunde 60 za mwanzo.

Kwa sola, priampu yote haizidi wati 15, si mzigo. Lakini inveta iwe ya wimbi safi. Zile za wimbi la ngazi huingiza mlio kama nyuki, na hakuna kapasita utakayoweka ikautoa wote.

Vali zinadumu?

Saa elfu kadhaa. Ukisikiliza jioni tu, ni miaka.

Utanijengea yangu?

Hapana, mikono yangu haitoshi. Lakini alasiri ya Ijumaa huwa nipo barazani. Njoo na yako, hata kama inavuma, na njoo na mita yako. Ya kwangu imeazimwa na haijarudi.